Laini kwa Nani?

Pale Mlali, kabla barabara haijaanza kujikunja kuelekea Mgeta, pikipiki husimama. Dereva hukaza kamba za mzigo, abiria hununua maji, na mtu fulani hubonyeza tairi kwa dole gumba kana kwamba dole gumba ni mashine ya kupimia upepo. Hapo, kwenye benchi la mbao kivulini, ndipo nilipohudhuria kwa miaka chuo kisicho na mtaala wala mitihani. Kinafundisha somo moja tu: mgongo ukiuma, badilisha shokapu.

"Shikamoo mwalimu. Bado unatembelea hizo za kiwandani?"

"Marahaba. Ndizo ilizokuja nazo."

"Utakufa na kiuno, mwalimu. Weka za gesi. Utasinzia juu yake."

Ningekuwa nimemsikia kijana mmoja ningenyamaza. Lakini nimelisikia neno hilo Mlali, nimelisikia Langali, nimelisikia Nyandira gulioni kwenye marundo ya kabichi na karoti, nimelisikia kwa mafundi, kwa wenye maduka ya spea mjini Morogoro, hata kwa mzee mmoja asiye na pikipiki. Shokapu, au shokomzoba kama walivyoziita madereva wa malori wa zamani, zimekuwa dawa ya kila kitu. Kilichobaki ni kuzichemsha tunywe.

Hoja yao nitaieleza kama wao wenyewe wanavyoieleza wakiwa wametulia, maana si ya kijinga. Wanasema hivi. Barabara ya mlimani ni mbaya, na masika huifanya mbaya zaidi. Pikipiki tunazonunua, Boxer na TVS na ndugu zao wa Kichina, zimekuja na shokapu nyembamba zilizokusudiwa watu wawili na mfuko. Sisi tunapakia viazi, njegere, mbolea, bati, wakati mwingine jeneza. Shokapu hizo zinabonyea mpaka mwisho, zinagonga, zinavuja oili kabla mwaka haujaisha, na kila zinapogonga ni uti wa mgongo wa mtu unaopokea. Kwa hiyo mtu mwenye akili aziondoe, aweke nene zaidi, ndefu zaidi, za gesi zenye kichupa pembeni, au azidishe idadi ziwe nne. Atapata raha, abiria atampenda, safari zitaongezeka, na fedha itarudi.

Nakubaliana nao karibu kila mahali isipokuwa kwenye hilo "kwa hiyo", ambalo ndani yake yamejificha madai haya sita.

1. Kwamba ngumu ndiyo laini

Shokapu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Nje kuna springi, kazi yake kubeba uzito. Ndani kuna bomba lenye oili na pistoni yenye vitundu, kazi yake kuituliza springi isiendelee kunesa baada ya shimo kupita. Springi bila oili ni kitanda cha gesti ya bei ya chini: wewe unageuka mara moja, chenyewe kinaendelea kugeuka.

Benchi la Mlali likisema shokapu nzuri lina maana ya springi tu, na likisema springi nzuri lina maana ya nene. Jaribio lao ni kuukandamiza mkia wa pikipiki kwa mikono miwili. Ukigoma kushuka, vichwa vinatikiswa kwa heshima: hii kweli shokapu. Sijui ni lini kitu kilichogoma kubonyea kiliitwa laini. Gogo la mninga nalo halibonyei, na sijaona mtu akililalia kwa raha.

Hesabu yake si ngumu. Springi yoyote yenye uzito juu yake ina mdundo wake, yaani idadi ya mara inazopanda na kushuka kwa sekunde ukiibonyeza na kuiachia. Tuseme pikipiki iliyopakiwa inadunda kama mara mbili kwa sekunde; mwili unaustahimili mdundo huo. Sasa ongeza shokapu mbili ziwe nne. Ugumu umezidi mara mbili, na mdundo umepanda mara moja na nusu kasoro kidogo, karibu tatu kwa sekunde. Bado si janga. Lakini mzigo ukishushwa sokoni, na uzito uliobaki juu ya springi ukawa theluthi tu ya ule wa asubuhi, mdundo unaruka hadi karibu tano kwa sekunde.

Tano kwa sekunde ni mahali pabaya pa kuwa na tumbo. Wataalamu wa mitikisiko, wale walioandika kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, wanajua siku nyingi kwamba mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtikisiko wa juu na chini ulio kati ya mara nne na nane kwa sekunde. Hapo ndipo kifua, tumbo na uti wa mgongo huanza kuucheza wimbo wa barabara badala ya kuukataa. Kijana ametumia akiba yake kuitoa pikipiki ilipokuwa, nje ya eneo hilo, na kuiingiza ndani yake, na ameridhika.

Ndiyo maana mtu yuleyule ana ushahidi wa aina mbili. Asubuhi, akiteremka na magunia, atakuapia kwamba inateleza kama mafuta. Mchana, akipanda na abiria mmoja mwembamba, ileile inamrusha, na hapo analaumu barabara. Barabara ni moja. Kilichobadilika ni uzito, na springi yake ilinunuliwa kwa ajili ya magunia.

Na laini hiyo ni laini kwa nani? Dereva ameketi karibu katikati ya magurudumu mawili. Gurudumu la nyuma likirushwa na jiwe sentimita kumi, yeye hupanda kama tano. Abiria ameketi karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kumi zinamfikia karibu zote. Anayeamua kwamba shokapu ni nzuri ndiye anayepokea nusu ya pigo. Anayepokea pigo zima ni mama anayekwenda kliniki, na yeye hajawahi kuulizwa kitu pale benchini. Akishuka hushika kiuno, hulipa, huondoka. Ukimya wake unahesabiwa kuwa sifa.

2. Kwamba kwenye kichupa kuna kitu

Neno "gesi" linauza. Lina historia ya heshima pia, na si haki kuificha. Oili ya shokapu ikipigwa sana kwenye njia mbovu huchemka na kufanya povu, na povu haliwezi kutuliza springi. Pistoni hupita ndani yake kama kijiko ndani ya mapovu ya sabuni. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyelitatua jambo hilo kwa ustadi katika miaka ya 1950: akaikandamiza oili kwa nitrojeni yenye shinikizo kubwa, akaitenganisha gesi hiyo na oili kwa pistoni inayoelea, povu likakosa nafasi. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaichukua kazi hiyo, na hadi leo magari na pikipiki za mashindano zinaishi kwayo. Kile kichupa cha pembeni ni chumba cha ziada cha oili na gesi, ili joto lipate pa kwenda.

Nami nilinunua. Sikutaka kuandika makala kuhusu kitu nisichokigharimia. Elfu themanini, duka moja mjini, rangi nyekundu, kichupa cha dhahabu chenye maandishi ya Kijapani ambayo Mjapani angeyashangaa. Kabla mwezi haujaisha ya kushoto ilianza kulia machozi ya oili, na kutoka Langali hadi Nyandira pikipiki ikawa inatembea kama bata.

Fundi wangu ni kijana mpole anayezungumza akiangalia kazi, si mtu. Aliifungua ile iliyovuja, akaibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. "Mwalimu, sogea kule," akasema, "gesi ikitoka vibaya inatoa jicho." Nikasogea mpaka mlangoni. Msumeno ukaingia kwenye kichupa. Nikasubiri mlio. Hakuna. Kichupa kikakatika vipande viwili vikaanguka kwenye vumbi, na ndani yake kulikuwa na hewa ileile tuliyokuwa tunaivuta mimi na yeye. Hakikuunganishwa na bomba kwa tundu lolote. Kilikuwa kimebanwa kwa skrubu mbili, kama bawa la plastiki kwenye buti la gari. Fundi akaokota kipande kimoja, akapuliza, kikatoa sauti ya filimbi.

Sisemi kila kichupa ni filimbi. Nasema kwamba kwa bei ambazo bodaboda wa Mgeta anaweza kulipa, ananunua springi ngumu zaidi ya ile aliyoitupa, oili kidogo zaidi, na pambo.

3. Kwamba za kiwandani ni mbovu

Hapa ninasikia kitu cha ajabu. Boxer imetengenezwa na Wahindi wa Bajaj wakijua vizuri itauzwa Afrika na itabebeshwa. India nayo ina mashimo na ina watu wanaobebana. Tunaposema shokapu zake hazifai, tunadai kwamba kiwanda kinachotengeneza pikipiki kwa mamilioni hakikuwaza jambo ambalo kijiwe kimelitatua kwa dakika tano.

Lakini tuzitazame hizo za kiwandani kabla hatujazizika. Chini ya springi za pikipiki nyingi kuna pete yenye ngazi, kawaida tano, inayogeuzwa kwa spana ya ndoano. Ukiwa peke yako unaiacha chini, ukibeba unaipandisha. Haikazi springi kama wengi wanavyodhani. Inainua mahali springi inapoanzia, ili mzigo usimalize mwendo wake wote kabla hata hujaondoka. Kipimo cha mafundi wa dunia nzima ni kwamba ukishakaa, shokapu iwe imeshuka kama theluthi ya mwendo wake, zibaki theluthi mbili za kupokea mashimo. Nimezunguka vijiweni nikiziangalia pete hizo. Tope limekauka juu yake kama saruji. Nimekutana na dereva wa miaka mingi aliyedhani ni urembo, kwa hiyo alilipia urembo wa pili ulio pembeni.

Kisha bushi, zile pete za mpira shokapu inaposhikia juu na chini. Zikilika, chuma kinagonga chuma, na huo mgongano ndio watu wengi wanaouita "shokapu imekufa". Bei yake haifikii sahani ya chipsi mayai. Kisha ekseli ya mkono wa nyuma, ambayo haijaona grisi tangu ilipotoka kwenye boksi. Ikikauka, springi hata ikiwa ya dhahabu haiwezi kusogea vizuri. Kisha desturi ya kubadilisha shokapu moja tu, iliyovuja, na kuiacha ya zamani upande wa pili, pikipiki ikawa na mguu mfupi na mguu mrefu.

Na upepo. Tairi ndiyo shokapu ya kwanza, ya karibu zaidi na jiwe, na ya bei nafuu kuliko zote. Kijana anajaza mpaka tairi ligonge kama ngoma kwa sababu asubuhi ana mzigo, hilo ni sawa. Mchana anapanda mlima mtupu na upepo uleule, tairi likiruka juu ya kila kokoto kama mpira wa kikapu. Ukimwambia apunguze anakutazama kama umemwambia avue shati. Kupunguza upepo ni bure, na kitu cha bure hakiwezi kuwa dawa.

4. Kwamba nyuma ikiwa juu inapendeza

Inapendeza ikiwa imesimama. Shokapu ndefu huinua mkia, usukani unasimama wima zaidi, na uzito unasukumwa kwenye gurudumu la mbele. Kwenye tambarare ya Mzumbe ni mtindo. Kwenye miteremko ya kutoka Mgeta, ambako pikipiki tayari imeinamisha pua, ukungu umeshuka na udongo ni sabuni, ni njia ya haraka ya kulijua bonde. Taa ya mbele inamulika tairi badala ya kona. Stendi ya pembeni nayo imekuwa fupi, ndiyo maana unaona pikipiki imeegeshwa juu ya kipande cha tofali ambacho mwenyewe anatembea nacho kwenye begi.

5. Kwamba zinajilipa

Hili ndilo dai lenye nguvu, na ndilo linalonikera, kwa sababu ni la kweli kwa wiki mbili.

Kijana anaweka shokapu nne. Anatoka Nyandira na mzigo uleule wa jana, magunia mawili ya viazi. Pikipiki haigongi. Ana raha ya kweli, siibishii. Wiki inayofuata mchuuzi anayemlipa anaona pikipiki imesimama wima na magunia mawili juu, haijalala mkia. Anauliza swali ambalo mchuuzi yeyote angeuliza: si la tatu linaingia? Linaingia. Tena si gunia la kawaida, ni lumbesa, lile lenye kilemba kilichoshonewa juu, ambalo Wakala wa Vipimo wamepigana nalo miaka na miaka na lenyewe bado linashuka mlimani kila asubuhi likiwa na afya njema. Mwisho wa mwezi springi zimebonyea palepale zilipokuwa zimebonyea zile mbili za kiwandani. Mgongo unauma uleule. Tofauti ni kwamba sasa unauma na gunia moja zaidi.

Kwa hiyo ile raha imeuzwa, na aliyeinunua si aliyelipia shokapu. Mchuuzi amepata gunia la tatu kwa nyongeza ndogo ya nauli. Tajiri mwenye pikipiki anapata hesabu yake ileile. Kijana amepata deni la duka la spea.

Na deni hilo ni mwanzo tu. Boxer yenyewe si nzito. Ukifunga juu yake mzigo unaouzidi uzito wake, shokapu zilizoacha kubonyea zinalipeleka pigo mahali pengine, maana pigo halipotei kwa sababu springi imelikataa. Linakwenda kwenye spoku, zinakatika moja moja kwa mlio wa gitaa. Linakwenda kwenye ringi, linakuwa na umbo la yai. Linakwenda kwenye fremu, pale shokapu inaposhikia, ambapo fundi wa kuchomelea ameongeza kipande cha nondo ili shokapu ya pili ipate pa kukaa. Ufa huanzia kwenye ukingo wa huo mchomeleo, mwembamba kama unywele, umefunikwa na tope, na kijana hauoni mpaka siku mkia unapoyumba kwenye kona. Na mzigo wenyewe unakwenda kwenye breki. Hakuna aliyeongeza breki. Breki ya nyuma ni ngoma ileile iliyokusudiwa watu wawili na mfuko, na sasa inazuia viazi vya kijiji kizima kwenye mteremko mrefu, mpaka harufu yake inamtangulia dereva kufika Mlali.

Nani analipia spoku? Wengi wa vijana hawa wako kwenye mkataba: unapeleka kiasi fulani kila wiki kwa muda fulani, kisha pikipiki inakuwa yako. Matengenezo ni juu yako tangu siku ya kwanza. Mkataba unaisha na pikipiki nayo inakuwa imeisha. Sijasikia kijiweni mtu akiijumlisha fremu iliyochanika kwenye hesabu ya shokapu zinazojilipa. Wanajumlisha gunia la tatu tu.

Kule Goma wana chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoteremshwa na mizigo ya kutisha, hata wamekijengea sanamu mjini. Hakina shokapu hata moja. Walau kule hakuna anayedanganywa kwamba amenunua raha.

6. Kwamba barabara haina dawa nyingine

Wanaponiona nimefika hapa huniuliza: sasa mwalimu, tufanyeje na barabara ndiyo hii?

Kwanza tusiiharibu. Vile vijituta vya mfululizo, kama bati lililolazwa, vinavyotetemesha meno kwenye sehemu kavu, havikuletwa na serikali wala na mvua. Mwaka 2007 wanafizikia wa Kanada, Uingereza na Ufaransa walizungusha gurudumu dogo juu ya mchanga na kuonyesha kwamba vijituta hujitengeneza vyenyewe mara mwendo unapovuka kizingiti fulani, hata gurudumu lisipokuwa na springi yoyote. Kizingiti hicho ni cha chini mno, karibu na mwendo wa mtu mwenye haraka. Hatuwezi kwenda hivyo, sawa. Lakini shokapu mpya hutumika vipi siku ya kwanza? Kwa kuongeza mwendo.

Pili, adui wa barabara ya mlimani ni maji. Mtaro ukizibwa na udongo wa shamba la juu, maji hupanda barabarani, huchimba korongo katikati, na mawe yanabaki yametokeza kama meno ya mamba. Jembe na watu wachache kabla ya masika wangeokoa shokapu nyingi. TARURA ipo tangu mwaka 2017 na kazi yake ni barabara za vijijini na mijini; kwenye mkutano wa kijiji mtu anaweza kusimama akauliza mtaro wa pale kwenye kona utazibuliwa lini. Nimehudhuria mikutano hiyo. Watu wa benchini hawakuwepo. Walikuwa wanadunduliza shilingi zao za shokapu, kila mtu kivyake.

Milima hii imewahi kukataa tatizo la wote kutibiwa kwa mgongo wa mtu mmoja mmoja. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unamomonyoka, ikaleta mpango ulioitwa ULUS, na dawa yake ilikuwa mgongo wa Mluguru: achimbe ngazi za mashamba kwa lazima, msimu baada ya msimu, apende asipende. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakafanya ghasia, na mpango ukafa. Babu zetu waliujua mzigo wa wote unapotwishwa mgongo wa mmoja. Sisi hatukulazimishwa na mtu. Tumekwenda dukani wenyewe, tumechagua na rangi.

Mimi nilirudisha zile za kiwandani. Fundi aliziwekea bushi mpya, akabandua tope kwenye pete kwa bisibisi, akaipandisha ngazi moja, akapaka grisi kwenye mkono wa nyuma. Upepo nimepunguza. Kiuno bado kinauma nikifika Nyandira, kwa sababu nina umri wangu na barabara ina mawe yake, lakini kinauma kidogo, na elfu themanini nyingine bado ninayo.

Ile shokapu nyekundu iliyobaki nzima nilimwachia fundi ukutani. Wiki tatu baadaye nikaikuta Mlali. Ilikuwa upande wa kulia wa TVS moja, imefungwa pembeni ya ile ya kiwandani, na upande wa kushoto kulikuwa na nyeusi ya aina nyingine, fupi kidogo. Juu yake kabichi zilipangwa mpaka juu ya kichwa cha dereva. Nikainama nikazitazama springi. Zilikuwa zimefunga, pete juu ya pete, haupiti hata wembe.

"Shikamoo mwalimu. Hii yako nimeipata kwa fundi. Ni laini, acha kabisa."

"Marahaba. Nimefurahi."

"Sasa na mwenzake uliipeleka wapi?"

Nikamwambia tuliikata kwa msumeno. Akasikitika kidogo, akakaza kamba ya kabichi, kisha akaniuliza kama kile kichupa bado kipo.